Penye kelele, sogea kwanza ndipo useme

Kwa wafanyakazi wa mashine za kusaga, karakana za useremala na kwingine penye kelele: ukitaka kumwambia mwenzako neno, usipaze sauti ulipo. Mwendee hadi uweze kumgusa bega, auone mdomo wako, kisha sema polepole kwa sauti yako ya kawaida. Nimefanya hivi wiki mbili, na jioni koo haliwashi tena. Kwenye kelele mtu hupandisha sauti bila kujijua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza hilo mwaka 1911. Nyuzi za sauti hugongana kwa nguvu kutwa nzima, mpaka zinavimba na sauti inakwaruza. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako humfikia ikiwa na nguvu zaidi kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), nawe hujaongeza chochote (ndani ya banda la mabati faida hupungua, kwa sababu ya mwangwi). Ikiwa hata ukiwa umbali wa mkono bado inabidi upige kelele, mbinu hii haifai: zimeni mashine, au tumieni ishara za mikono mlizokubaliana asubuhi. Na kunong'ona kwa nguvu hakupumzishi sauti, kunaichosha.