IST haina tabo ya kuongeza nguvu, lakini mlima inapanda

Mwaka jana tulipanda mlima Kitonga watu watano na mizigo, gari langu, Toyota IST, likakata pumzi hadi malori yakanipigia honi. Injini yake, 1NZ ya cc 1,496, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 109 hivi. Kabla ya kuongeza nguvu, rudisha zilizopotea.

Anza na chujio la hewa. Langu lilikuwa jeusi kama gunia la mkaa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, pulizia dawa ya kuisafishia, futa masizi kwa kitambaa laini. Kwenye plagi usibane hela: feki zimejaa madukani, za kwangu zilidumu wiki tatu. Fundi apime na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Ikiwa chini, acha kununua vifaa, ugonjwa uko ndani.

Halafu nyanyua tairi moja moja kwa jeki, mengine yamewekewa mawe, lizungushe kwa mkono. La kwangu la nyuma kushoto lilikuwa linashikwa na breki muda wote! Hapo ndipo gari lilipobadilika kweli.

Sailensa kubwa? Kelele tu, majirani watakuchukia. Mimi nilipunguza uzito kwa kutoa boksi la spika lililokuwa kwenye buti, bure kabisa.