Jinsi ya Kupima Kiasi cha Samaki Kinacholiwa na Kaya: Mwongozo kwa Wadadisi wa Dodoma

Dodoso la kwanza nililopewa katika kazi hii lilikuwa na swali moja tu kuhusu samaki: “Katika siku saba zilizopita, kaya hii ilikula samaki?” Nililiuliza kama lilivyoandikwa, katika kijiji kimoja cha Chamwino, kwa mama aliyekuwa ameketi kivulini na ungo mapajani. “Samaki tutawatoa wapi huku, mwanangu?” alinijibu, nami nikajaza “hapana”. Nilipoinua macho ndipo nikaona alichokuwa akichambua kwenye ule ungo: dagaa wakavu, vichwa akivirushia kuku na viwiliwili akiviweka kwenye bakuli, tayari kwa mlenda wa mchana.

Yule mama hakusema uongo. Kwa wengi wetu huku, samaki ni perege au kambale wa Mtera, au kipande cha sangara wa kukaanga. Dagaa ni mboga. Hatua zinazofuata nimezipanga nikiwa na kosa hilo akilini.

Hatua ya 1: Amua unapima nini

Kuna vipimo viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Cha kwanza ni cha nchi nzima, ambacho FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hukitumia kulinganisha mataifa: chukua samaki wote waliovuliwa na kufugwa, ongeza walioagizwa kutoka nje, toa waliouzwa nje na waliotumika kwa matumizi yasiyo chakula cha binadamu, kisha gawanya kwa idadi ya watu. Kwa hesabu hiyo, mtu mmoja duniani alihesabiwa wastani wa kilo 9.1 kwa mwaka 1961, na siku hizi wastani huo umepita kilo 20. Kilo hizo ni za samaki mzima mbichi kama alivyotoka majini, pamoja na miiba, vichwa na matumbo. Tena zinaonyesha samaki aliyepatikana kwa ajili ya kuliwa, hazionyeshi aliyeingia mdomoni.

Kipimo hicho hakiwezi kukuambia lolote kuhusu Dodoma. Magunia ya dagaa yanayoshuka kutoka Mwanza kupitia Singida hayakaguliwi mpakani kama bidhaa za nje, na sehemu yake huishia kwenye maduka ya chakula cha kuku. Kwa hiyo anayetaka kujua watu wa mkoa huu wenye wakazi 3,085,625, kwa Sensa ya 2022, wanakula kiasi gani, hana budi kutumia kipimo cha pili, ambacho ni kuingia jikoni.

Hatua ya 2: Chagua siku

Kumbukumbu ya saa 24 zilizopita ndiyo sahihi zaidi kwa kiasi, kwa sababu mpishi bado anakumbuka fungu alilonunua. Udhaifu wake ni kwamba jana inaweza kuwa siku ya maharage. Kumbukumbu ya siku saba hupata vyakula visivyoliwa kila siku, lakini watu huvuta ndani ya juma hilo samaki wa sherehe iliyopita siku kumi nyuma. Mimi hutumia saa 24, kisha hurudi katika kaya ileile angalau mara mbili nyingine, katika siku zisizofuatana, moja ikiwa ya mwisho wa juma.

Angalia pia mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika. Kufungwa kwa ziwa nako kuna athari: Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na anayepima katika kipindi cha namna hiyo asishangae kukosa dagaa wa Kigoma katika soko la Majengo, wala asichukue juma hilo akalizidisha kwa 52.

Hatua ya 3: Pata ruhusa

Barua ya halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 4: Uliza kwa majina

Usiulize “samaki” peke yake. Anza na chungu: “Mama, jana mchana mlipika mboga gani? Ndani ya mlenda mliweka nini?” Baada ya hapo taja kimoja kimoja: dagaa, perege, kambale, sangara, kibua wa barafu, samaki wa kopo, samaki wa kukaanga walionunuliwa njiani. Kwa kila jina andika hali yake, yaani mbichi, mkavu, wa kubanikwa au wa kukaanga, maana bila hali uzito hauna maana. Muulize aliyepika; baba mwenye kaya atakujibu kwa heshima zote, lakini mara nyingi hajui ni dagaa wangapi waliingia chunguni.

Hatua ya 5: Pima fungu lenyewe

Dagaa huuzwa kwa fungu, kopo au sado, na fungu la muuzaji mmoja si fungu la mwenzake. Nenda katika genge ambalo kaya hununua, nunua mafungu matano ya bei ileile, pepeta mchanga, pima kila moja kwa mizani ndogo ya jikoni na chukua wastani. Gharama yake ni ndogo, na ni kazi ambayo wadadisi wavivu huiruka wakaandika “gramu 200” kwa kila fungu la mkoa mzima. Kwa perege, pima mzima kabla hajaparuliwa, kisha pima mabaki ya sahanini baada ya mlo.

Hatua ya 6: Hesabu walaji

Andika waliokula chungu kile, si wanaolala nyumbani mle. Mgeni ahesabiwe, kijana aliyekula kwa mama lishe aulizwe peke yake. Uliza pia mgawanyo, kwa maana watoto mara nyingi huambulia mchuzi huku kipande kikienda kwa wakubwa.

Hatua ya 7: Geuza uzito

Samaki mbichi ana maji kati ya asilimia 70 na 80, ilhali dagaa aliyekauka vizuri amebakiwa na kama asilimia 12 hivi. Tukichukua asilimia 75, kilo moja ya dagaa wabichi ina gramu 250 za kitu kikavu, na baada ya kukaushwa itakuwa na uzito wa gramu 285 hivi. Kwa hiyo kilo moja ya wakavu ni sawa na kilo 3.5 za wabichi.

Tuseme kaya ya watu sita inapika fungu la gramu 180 mara mbili kwa juma mwaka mzima, na gramu 30 kati ya hizo ni vichwa vinavyokwenda kwa kuku. Kila mmoja anakula gramu 25 za dagaa wakavu kwa mlo, ambazo kwa milo 104 ni kilo 2.6 kwa mwaka. Ukizigeuza kuwa za wabichi unapata kilo 9.1. Ukirudisha vichwa, kama kipimo cha nchi kinavyofanya, unapata kilo 10.9. Kaya ni ileile na ungo ni uleule, lakini tarakimu ni tatu, na nimeona taarifa iliyolinganisha ile ya kwanza na wastani wa dunia, kisha ikahitimisha kwamba watu wa Kanda ya Kati hawali samaki.

Hatua ya 8: Andika matokeo kwa ukamilifu

Sentensi ya matokeo ya kaya hiyo isomeke hivi: “Kilo 2.6 za dagaa wakavu kwa mtu kwa mwaka, bila vichwa, sawa na kilo 9.1 za wabichi; kumbukumbu ya saa 24, ziara tatu, walaji sita, fungu limepimwa gengeni.” Ikiwa nafasi kwenye jedwali haitoshi, panua safu.