Anza na viti: nyumba yetu ya Langoni, Lamu, bila televisheni wala intaneti

Kabla hujaizima televisheni, kabla hujaacha kununua bando, simama mlangoni mwa sebule yako uangalie viti vimeelekea wapi. Vyangu vilikuwa safu moja kama vya abiria, vyote vimeukabili ukuta mmoja, na kwenye ukuta huo palikuwa na televisheni ya inchi 32. Tulikuwa tukikaa pale watu saba kila usiku, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Ukiiondoa televisheni ukaviacha viti vile vile, watu watakaa wautazame msumari, na haitachukua siku nyingi wataidai irudi. Mara ya kwanza ndivyo nilivyofanya mimi. Siku ya nne ikarudi.

Mara ya pili nilitangulia na viti. Viwili nikavipeleka chumbani, viwili nikavigeuza vikatazamana, katikati nikatandika mkeka na mito, na taa nikaishusha ili mtu aweze kushona na kusoma chini yake. Televisheni ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa pembeni, na anayetaka kuiangalia lazima ageuze shingo. Wiki mbili tukaishi hivyo. Siku ilipoondoka, sebule ilikuwa tayari imeshajua kazi yake nyingine.

Sasa tumeingia mwaka wa tatu. Mimi nashona kofia, mume wangu ni mvuvi, tuna watoto wanne, na mama mkwe anaishi nasi. Kila nikienda sokoni kuna anayenishika mkono akaniuliza, "Mnaishije?" Basi nimekaa nikaandika kwa kalamu, na Jumamosi nitamwomba kijana wa saiba, pale panapolipiwa kompyuta na intaneti, anichapie.

Ukishapanga viti, chukua karatasi uandike kila kazi ambayo intaneti inakufanyia. Usiseme tu kwamba inakupotezea muda, hata kama ni kweli. Yangu ilikuwa hivi: kutuma na kupokea pesa, tokeni za stima, kazi za shule za watoto, simu za kaka yangu aliye Jeddah, habari, mpira wa mume wangu, hali ya bahari, na picha za kofia ninazowatumia wateja. Kila kazi itafutie mahali pengine pa kufanyiwa, na hayo uyamalize kabla ya kukata chochote. Wengi wanakata kwanza, halafu shida ya kwanza ikitokea wanarudi, na wanasema maisha haya hayawezekani.

Pesa ndiyo rahisi kuliko yote. M-Pesa ilianza 2007, wakati watu wengi tulikuwa na simu za vitufe, na mpaka leo inafanya kazi kwenye kabambe, yaani hiyo simu ya vitufe, bila intaneti. Stima vivyo hivyo: unalipa kwa M-Pesa, na zile tarakimu 20 za tokeni zinaingia kwa ujumbe mfupi. Hapo sina la kuongeza, ila uinunue kabambe yenye tochi nzuri.

Kazi za shule ndizo zilizonitoa jasho. Walimu wa siku hizi wanatuma kazi kwenye kundi la wazazi la WhatsApp saa moja usiku, na mtoto asubuhi anatakiwa awe nayo. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa darasa. Nikamwambia, "Mwalimu, nyumbani kwetu hatuna WhatsApp. Nakuomba mtoto aandike kazi kwenye daftari kabla hajatoka darasani." Akaniuliza, "Sawa, mama, na zile za kutafuta picha na kuchapisha?" Tukaafikiana kwamba hizo apewe Ijumaa, azilete Jumatatu. Mwalimu hakukasirika hata kidogo. Aliniambia kuna wazazi wengine watatu darasani humo wasio na simujanja, na wanaona haya kusema. Nenda wewe ukaseme, utawafungulia na wenzako.

Jumamosi asubuhi basi ndiyo siku yetu ya saiba. Sharti ni moja: karatasi ya mahitaji inaandikwa nyumbani Ijumaa usiku, kila mtu anaandika lake. Tukifika tunafanya yaliyoandikwa, na yakiisha tunaondoka. Kwenye karatasi ya wiki iliyopita palikuwa na picha za mazao ya biashara, matokeo ya mechi mbili, barua pepe ya mteja wangu wa Mombasa, na swali la kitinda mimba wangu kwamba nyangumi analala vipi. Zamani swali kama hilo lilikuwa linajibiwa kwa sekunde tatu na kusahauliwa kwa sekunde tatu. Hili alikaa nalo siku tano. Akamuuliza babake, akamuuliza mwalimu, akamuuliza nahodha mmoja pale forodhani, na kila mmoja akampa jibu lake. Alipofika saiba alikuwa na majibu matatu ya kulinganisha. Tukitoka huko, kama muda upo, tunapita Ngomeni, ile ngome ya Lamu. Jengo lile lilimalizika 1821, likawa jela mpaka 1984, na sasa ni makumbusho yenye maktaba ndani.

Sasa nieleze kosa langu, ili wewe usilifanye. Mwezi wa pili tangu tuanze, shangazi yangu alifariki Malindi. Habari iliwekwa usiku kwenye kundi la familia, na kesho yake adhuhuri akazikwa. Sisi tulijua siku ya tatu, kwa mtu aliyeshuka basi Mokowe, upande wa bara, akavuka na mashua akaja kunipa pole, akidhani nimeshajua. Sikuwahi mazishi, na shangazi yule ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Hilo bado linaniuma. Kwa hivyo kabla ya kutoka kwenye makundi, chagua watu watatu wa kuaminika, mmoja wa upande wako, mmoja wa upande wa mume au mke, na mmoja jirani. Wape namba ya kabambe, uwaambie kwa mdomo: msiba, mgonjwa na harusi nipigieni, hata iwe usiku wa manane. Na simu hiyo isizimwe, isiachwe bila chaji. Kaka yangu wa Jeddah tunazungumza naye Ijumaa baada ya Alasiri kwa dada yangu, ambako ndiko inakokaa simujanja yangu. Picha za kofia nazipiga na kuzituma siku hiyo hiyo. Wateja wameshazoea, wanajua jibu linatoka Ijumaa.

Habari tunazipata kwa redio. Ni ya mama mkwe, inatumia mawe (betri) manne, na imewekwa kwenye kidaka, shubaka la ukutani, mahali ambapo kila mtu anaisikia. Tunafungua taarifa ya habari ya saa moja, KBC Radio Taifa, kisha tunafunga. Redio ikiachwa ikinguruma kutwa, umebadilisha kelele tu. Wakati wa Ramadhani tunaiacha mpaka Kadhi Mkuu atangaze mwezi.

Mpira nilimwachia mwenye nao. Mume wangu anakwenda kwenye ukumbi wa kuonyesha mechi, analipa, anakaa na wenzake, anarudi. Usimkataze mtu mzima anachokipenda kwa sababu wewe umeamua kubadilika. Hali ya bahari haikumpa shida, kwa sababu maji anayasoma kwa mwezi, na sasa watoto nao wanajua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, maji makubwa: hapa kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na usiku, na hukupwa karibu na saa nne. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Upepo lakini habahatishi. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, hatoki mpaka asikie utabiri na awaulize wenzake waliorudi alfajiri.

Nimefika kwenye jambo lenyewe hasa, nalo ni yale masaa mawili kati ya Isha na kulala. Mchana hakuna anayeikumbuka televisheni: kuna shule, kuna chuo cha Kurani, kuna jikoni. Magharibi kuna Kurani. Ni ile saa mbili unusu usiku, chakula kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, ndipo watoto wanapoanza kuzunguka kama waliopotelewa na kitu. Wiki ya kwanza watagombana, watasema wanaumwa tumbo, watalala saa mbili kwa kununa. Usiogope. Ila usiwaambie "chezeni" ukaondoka zako. Kaa nao wewe mwenyewe, mkekani, kila usiku, mwezi mzima. Kama huna huo mwezi, ngoja mpaka uwe nao ndipo uanze.

Mimi nilikumbuka 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa na televisheni yetu ya zamani ikawa giza mpaka tulipopata pesa za king'amuzi. Miezi ile mama mkwe alikuwa akiita, "Paukwa!" na kifunguamimba wangu, mdogo wakati huo, akiitika, "Pakawa!" Kisha king'amuzi kikaja, na mama akanyamaza miaka mingi. Nilimwendea nikamwomba, "Mama, tufungulie tena." Alifikiri kidogo, akaniambia, "Nitaanza na vitendawili, hadithi zimelala, lazima niziamshe."

Akatega: "Kuku wangu katagia mibani." Watoto wakapiga kelele, mara nungu, mara samaki, mara mti wa ndimu. Wakashindwa. "Nipeni mji." Wakampa Faza. Mama akajinyoosha, akaeleza alivyokwenda Faza, alivyopokewa, alivyokula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akarudi, ndipo akasema: nanasi. Usiku ule wakatoa Faza, Siyu, Pate, Kizingitini, Matondoni, mpaka miji wanayoijua ikawaishia. Binti yangu akaenda kuchukua atlasi ya shule ili wasikose mji wa kutoa kesho. Niliwatazama wamelala kifudifudi juu ya ramani ile, wanne, vichwa vimegusana, wakitafuta miji.

Kwa wavulana nenda na bao. Usianze na bao la kiswahili lenyewe, lenye kunamua (kuingiza kete moja moja) na nyumba (shimo maalumu), utawakatisha tamaa. Anza na bao la kujifunza: mashimo 32, komwe (kete) 64, mbili mbili kila shimo, mnaanza. Wakishajua kula na kutakata (kusambaza kete bila kula) bila kuhesabu kwa kidole, wapeleke barazani kwa wazee wakatazame, watarudi na maswali. Huna bao? Chimbeni mashimo mchangani mwanzo.

Na kila mtu awe na kazi ya mkono. Binti yangu wa miaka 12 sasa anashona vito vya kofia pamoja nami. Kitambaa kimechorwa kwa penseli, kila doa ni tundu moja. Unalitoboa, unalipanua kwa ncha, unauzungusha uzi ukingoni mpaka tundu lisimame lenyewe, duara, dogo kuliko punje ya mtama. Mwanzoni alikuwa anafanya matano kwa usiku, na manne nayafumua. Mama mkwe macho yamepungua, lakini anapitisha kidole gumba juu ya kazi na kusema, "Hili limelegea." Halikosi kuwa limelegea. Kofia moja inatuchukua miezi, na binti yangu ameshauliza kofia hii atavaa nani.

Jihadhari na intaneti ya jirani. Mwanangu wa pili, miaka 14, alianza kuchelewa kurudi baada ya Isha. Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba ya wageni, amekaa gizani na simu ya rafiki yake. Sikumpigia kelele pale. Nyumbani nikamuuliza alikuwa anatafuta nini, akaniambia ni video za kutengeneza injini za mashua. Basi tukaweka dakika 20 za kwanza za kila Jumamosi ziwe zake, na babake akampeleka kwa fundi wa injini, mara mbili kwa wiki, akamshikie spana. Mtoto akitoroka, tafuta alichokifuata. Huenda ni kitu unachoweza kumpa.

Wageni wakija na simu zao, usiwanyang'anye. Tuna kikapu hapo dakani, mlangoni pa kuingilia, anayetaka anaweka. Wengine hawaweki, tunawapa kahawa vile vile.

La mwisho ni la kifaa chenyewe. Usikiuze wiki ya kwanza. Kifunge, kipeleke kwa jamaa, kikae miezi mitatu, ili kila mtu nyumbani ajue kwamba mlango haujafungwa kwa ufunguo. Sisi miezi ilipotimia niliwakalisha mkekani nikawauliza, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Watano walisema iuzwe. Mume wangu alisema irudi, kisha akaangalia saa, akasema ngojeni kwanza mama amalize hadithi ya jana. Tuliiuza mwezi uliofuata. Kwa pesa zile tulinunua bao la mbao la kuchongwa na mawe mapya ya redio, na nguzo ya antena iko bado juu ya dari, tumeifunga kamba ya kuanikia nguo.