Anza na Mgongo wa Saa

Saa yangu ya kwanza ya dhahabu ilitoka kwenye sanduku la marehemu baba, hapa Bombo. Alizawadiwa alipostaafu, lakini hakuivaa hata siku moja, kwa kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume wa Kiislamu. Aliifunga kwenye leso akaiweka chini ya kanzu zake. Kwa hiyo ukitaka kukusanya saa hizi Uganda, usikimbilie madukani. Waulize kwanza shangazi na bibi zako wana nini sandukuni.

Nazungumzia saa nyembamba za kujaza kwa mkono, za miaka ya 1940 hadi 1960, zenye mkanda wa ngozi na uso usio na makuu. Upana wake ni milimita 33 hadi 35 hivi. Vijana wakiziona husema ni za kike, kumbe ndizo walizovaa wanaume wa enzi hizo. Mkononi mwangu zinakaa barabara.

Ukiletewa saa, igeuze. Mwombe fundi afungue mfuniko wa nyuma, utazame upande wa ndani kwa lenzi. Kasha (ganda la nje la saa) la Uswisi la karati 18, la kabla ya 1995, huwa limegongwa kichwa cha mwanamke, kidogo kuliko punje ya mtama, na mara nyingi kando yake pana 0.750, yaani robo tatu yake ni dhahabu safi. La karati 14 lina kindi na 0.585. La Uingereza la karati 9 lina 375, na ukiona nanga, mhuri huo uligongwa Birmingham. Ukikuta maandishi yanayotaja mikroni, kipimo cha unene wa utando mwembamba sana, hiyo ni dhahabu ya kuchovya. Kagua pia miguu inayoshika mkanda, maana dhahabu ya kuchovya hulika hapo kwanza na madini ya ndani yakachungulia.

Kabla ya kutaja bei, pitia kwa sonara uulize gramu ya dhahabu safi leo ni shilingi ngapi. Kasha tupu la karati 18 lenye gramu 8 lina gramu 6 za dhahabu safi. Usimpe mjane chini ya thamani hiyo eti kwa sababu hajui mizani. Hiyo ni dhuluma.

Juu ya hapo unalipia uso na mashine. Uso uliopakwa rangi upya utaujua kwa herufi nene, au maandishi madogo chini ya tarakimu 6 yaliyokatika na kwenda upande. Mimi nachagua wenye madoa ya uzee kuliko uliopakwa jana. Kisha ijaze kidogo, uiweke sikioni. Mashine nyingi za wakati ule hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Mlio uwe sawasawa kama cherehani chini ya mguu wa fundi mzoefu. Ikikwama na kuanza tena, ongeza gharama ya kuisafisha kwenye hesabu yako.

Ukishainunua, tafadhali usiing'arishe! Ile ya baba niliipeleka kwa sonara mmoja mjini Kampala anifutie vumbi tu, naye akaitia kwenye gurudumu. Dhahabu ni laini, na kila ukiing'arisha inapungua. Mgongoni palikuwa na jina la baba na tarehe, yamechongwa kwa mkono. Tarehe imekwenda kabisa. Jina nalisoma nikiinamishia saa dirishani, na herufi ya mwisho naijua tu kwa sababu ni jina langu pia. Tangu siku hiyo nafuta kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Ijaze asubuhi, wakati uleule, na kidole kikihisi imekaza, acha. Ivue kabla ya kutia udhu, na mvua ikianza iingize mkobani, kwa sababu makasha haya hayazuii maji. Kila miaka minne au mitano ipeleke ikatiwe mafuta, kwa fundi anayekubali uketi hapohapo ukimtazama.