Kugeuza nyumba kongwe ya shamba la mkonge iwe gesti

Wana Tanga, kama umepata nyumba ya shamba ya zamani huko Muheza au Pangani na unataka iwe gesti, usikimbilie simenti. Kuta za mawe za chokaa zinapumua, ukizibana na simenti unyevu unabaki ndani na lipu inabanduka, hata Ufaransa nyumba za mawe za mashambani wanazikarabati kwa chokaa mpaka leo. Bandua lipu iliyokufa, changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mto tafadhali, wa baharini una chumvi, halafu piga kidogo kidogo na ufunike kwa magunia yaliyoloweshwa isije ikakauka haraka ikapasuka. Fundi atakwambia unapoteza muda, mwache aseme. Bustani rahisi tu, asumini na mkilua karibu na baraza, ila miembe ipande mbali na msingi.