Kabla hujakaza fitingi inayovuja kwenye reli ya petroli

Reli ya petroli, yaani bomba linalogawia injekta petroli, ya kununua pembeni, ile ya alumini yenye rangi ambayo wenye Subaru na Mitsubishi Evo wa Kampala hupenda kuibadilishia injini, mara nyingi haivuji kwa sababu haikukazwa vya kutosha. Inavuja kwa sababu fitingi, kiungo cha kuunganishia hosi, iliyofungwa pale si yake. Kwa hiyo weka spana chini kwanza.

Usalama una mambo machache, yote ya lazima. Injini ipoe kabisa. Toa fyuzi au rilei ya pampu, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe, piga stata sekunde mbili tatu, halafu chomoa waya hasi wa betri. Mfumo wa kawaida una presha ya bar 3 hivi, na hata baada ya kuishusha kitabaki kidogo cha kumwagika, basi zungushia kitambaa kabla ya kulegeza. Kama injini yako ni ya kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, D-4 au GDI, presha upande wa injekta hufika bar nyingi mno. Maelezo haya si yake, mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.

Angalia na majirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye sigiri ya mama wa chai au kwa mtu wa welda. Usifanyie kazi hii juu ya shimo la gereji. Mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, si ofisini. Maji hapana.

Kisha hakikisha ni fitingi inayovuja kweli. Petroli huteremka na kukauka haraka, ikaacha doa mahali ambapo haikutokea. Safisha reli yote, ikaushe, na ufuate unyevu kutoka juu. Ukiukuta kwenye mzizi wa injekta, tatizo ni oringi, pete za mpira, za injekta, na fitingi haina kosa.

Sasa jambo linalowaumiza watu. Nyuzi za fitingi, yale meno ya kuzungushia kama ya skrubu, si lazima ziwe ndizo zinazozuia petroli. Aina zinazokutana kwenye reli hizi ni tatu, na kila moja inaziba mahali pake. Aina ya AN ina koni ya digrii 37 mdomoni. Chuma kinakandamiza chuma, nyuzi zake kazi yake ni kuvuta tu. Aina ya ORB nyuzi zake ni nyoofu, na oringi iliyo shingoni ndiyo inayokaa kwenye mdomo wa tundu na kuziba. Aina ya NPT nyuzi zake zinapungua unene kuelekea ncha, na hizo peke yake ndizo zinazoziba kwa nyuzi zenyewe, zikisaidiwa na dawa ya kuzibia.

Mtego ni kwamba AN ya namba 6 na ORB ya namba 6 zina nyuzi zilezile, za upana wa inchi 9/16 zenye meno 18 kwa inchi. Namba 8 zote ni 3/4 zenye meno 16. Kwa hiyo fitingi ya koni inaingia kwenye tundu la oringi kama iliyozaliwa humo, inakazika vizuri, mkono unaridhika. Koni ya ndani haina pa kukalia, na oringi haipo. Gari likiwashwa linatoa tone moja. Fundi anaongeza nguvu, tone linabaki. Anafunga tepu nyeupe ya mabomba, tone linapungua kwa siku chache, kila mtu anafurahi. Kisha petroli inapita kwenye nyuzi ikifuata mpindo wa tepu, na vinyuzi vya tepu vinavyokatika vikiwa upande wa petroli huishia kwenye kichujio kidogo cha injekta. Silinda moja inakosa petroli ya kutosha, injini inagonga, mwenye gari ananunua plagi mpya. Wakati huo alumini ya reli imeshatanuka mdomo kwa kukazwa. Dawa ilikuwa fitingi ya kubadilisha ORB kuwa AN, yenye oringi yake, bila tepu hata kidogo.

Tundu la geji ya presha lina mtego wa pili. Reli za Marekani huwa na 1/8 NPT, yenye meno 27 kwa inchi. Fitingi za duka la mabomba zinafuata BSP ya Kiingereza, ambayo 1/8 yake ina meno 28, na pembe ya jino pia ni tofauti. Inaingia mizunguko miwili mitatu, inashika, halafu inakula alumini. Linganisha na geji ya nyuzi, kile kipimo cha kuhesabia meno, kabla ya kufunga, si baada. Fitingi za shaba za friji nazo koni yake ni digrii 45: ya nusu inchi inaingia kwenye AN 8 na haikai.

NPT halisi weka dawa ya kuzibia inayovumilia petroli, ukiacha uzi wa kwanza wazi, ukaze kwa mkono kisha mzunguko mmoja na nusu hadi miwili. Ukipitiliza, usirudishe nyuma kupanga mwelekeo. Toa, safisha, anza upya. Silikoni ya gasketi huvimba na kuharibika kwa petroli, iache.

Oringi iwe ya mpira wa FKM, ule watu wanaouita Vitoni. Oringi za bomba la maji mara nyingi ni za mpira wa EPDM. Petroli huivimbisha ikawa laini kama ufizi. Mpira mweusi wa kawaida unavumilia zaidi, lakini ethanoli na joto huuchosha, na sheria ya nishati ya mimea ya Uganda ya 2020 imefungua mlango wa kuchanganya ethanoli. Ya ORB 6 ni milimita 11.9 kwa ndani na unene 2 hivi. Pakaza mafuta safi ya injini, na upapase ukingo wa tundu kwa kidole: ukali wa chuma hukata oringi mpya mara ya kwanza.

Kwenye AN kaza kwa mkono, kisha zungusha kwa kiasi cha upande mmoja kati ya sita za nati, au mmoja na robo, kwa spana mbili. Koni yenye mkwaruzo unaoshikika na ukucha haitazibwa na nguvu.

Kupima: rudisha fyuzi na betri, fungua swichi bila kuwasha, mara tatu, huku tishu nyeupe imezunguka kila fitingi. Kisha iwashe, ipashe joto, izime, kagua tena. Njia ya murram hutikisa, basi funga hosi kwa vishikio isivute reli. Ukiwa njiani ukasikia harufu ya petroli ndani ya gari, usingoje kufika kwenye kituo. Egesha, zima, na usifungue boneti kabla ya kutoa abiria wote.