Namna ya kushughulikia kero za majirani katika kota na maghorofa ya umma: kwa wapangaji wa Mwanza

Mpangaji wa kota ya serikali, au wa ghorofa la Shirika la Nyumba la Taifa, hahami kirahisi kila anapokerwa na jirani, kwa kuwa nafasi hiyo aliipata kwa kuisubiri au kwa sababu ya kazi yake, na akiiachia si rahisi kuipata tena. Jirani anayemkera naye yuko katika hali hiyo hiyo. Watu hawa wawili wataendelea kupishana ngazini kwa miaka, na ndiyo maana maelekezo yafuatayo yanaanza na hatua ambazo baada yake majirani bado wanaweza kusalimiana, kisha yanakwenda kwenye zile ambazo baada yake salamu huwa ngumu.

Jambo la kwanza ni kutenganisha kero na jinai. Muziki wa usiku, maji machafu yanayomwagwa kutoka ghorofa ya juu, taka zilizoachwa kwenye kona ya ngazi, pikipiki iliyoegeshwa mlangoni na kuku wanaofugwa kwenye baraza ni kero. Kuuza bangi, kumpiga mke, kutishia watu kwa panga na kuvunja milango ni jinai. Kero huanza kwa mazungumzo. Jinai huripotiwa polisi, kwa namba 112 ikiwa ni dharura, na kwa namba 116 ikiwa anayedhuriwa ni mtoto. Kikao cha wapangaji hakina mamlaka yoyote ya kusuluhisha kipigo au udhalilishaji wa mtoto, na ile desturi ya “kuyamaliza hapa hapa nyumbani” imewalinda watesaji wengi. Mambo hayo yapelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa upande mwingine, vijana waliokaa kwenye ngazi wakipiga soga hawajatenda kosa lolote kwa kukaa tu, hata kama sura zao hazikupendezi.

Baada ya hapo, nunua daftari. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama malalamiko yatasikilizwa au yatatupwa. Malalamiko ya kawaida husomeka hivi: “Yule kijana wa juu ni mhuni, hatulali.” Ofisa anayeyapokea hana la kufanya nayo. Maelezo yanayofaa husomeka hivi: “Jumanne, kuanzia saa 5:40 usiku hadi saa 8:10, muziki kutoka mlango wa pili wa ghorofa ya tatu. Tulibisha hodi saa 6. Sauti ikapunguzwa kwa dakika kumi, kisha ikarudi. Mtoto wa mlango wa kwanza aliamka mara tatu.” Hakuna tusi ndani yake, na hakuna kubahatisha tabia ya mtu, kuna siku, saa, mahali, kilichofanyika na aliyeathirika. Wiki tatu za maandishi ya namna hiyo, yakiandikwa na familia mbili au tatu kila moja kwa mkono wake, yana uzito kuliko barua moja kali yenye sahihi arobaini zilizokusanywa jioni moja. Unaweza kurekodi sauti kwa simu ukiwa ndani kwako, lakini usipige picha ndani ya nyumba ya mtu, usiwapige picha watoto, na usirushe chochote kwenye kundi la WhatsApp la jengo, kwa sababu hapo wewe ndiwe utakayegeuka mlalamikiwa.

Ukiwa na daftari, nenda ukazungumze. Usiende muziki unapolia na mwenyewe amelewa. Nenda kesho yake jioni, ukiwa na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa katika jengo, wala msiende kumi, maana watu kumi mlangoni ni maandamano. Anza kwa salamu kamili. Ikiwa jirani huyo ni mkubwa kwako, shikamoo isikosekane, na Msukuma wa makamo ukimwamkia “mwadila”, salamu yao ya jioni, utakuta nusu ya kazi imekwisha. Kisha taja jambo moja tu na uombe jambo moja tu: “Mama, tumekuja kuomba muziki upunguzwe ikifika saa 4 usiku, mwanangu ana mtihani.” Ukianza kuorodhesha makosa ya mwaka mzima, atakachosikia ni kwamba mnamchukia.

Sikiliza pia anachojibu, hasa katika mji huu wa ziwani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na wachuuzi wanaotegemea soko la Mwaloni pale Kirumba huamka wakati wengine wamelala. Kwa mtu wa namna hiyo, kelele za watoto uani saa 5 asubuhi ni kero kubwa kuliko redio ya usiku, naye hana aliyemwandikia daftari. Makubaliano ya saa za utulivu yasiyomkumbuka yatavunjwa na yeye mwenyewe, na sitamlaumu. Harufu ya magunia ya dagaa ngazini ni suala jingine. Hilo lina dawa rahisi, nayo ni kukubaliana mahali pa kuyahifadhi.

Kikao cha jengo kiitwe pale kero inapowagusa wengi. Kisiwe mahakama ya kumhukumu mtu mmoja, bali kishughulikie mahali penyewe. Ngazi yenye giza huvuta kijiwe cha bangi, na ngazi yenye taa hukifukuza bila mtu kugombezwa. Tatizo ni kwamba taa hiyo lazima ichomekwe kwenye LUKU ya mtu. Katika jengo moja ninalolifahamu, mama wa ghorofa ya chini alijitolea mita yake, majirani wakaahidi kumchangia, na mwezi wa pili akawa analipa peke yake. Akaizima, na ndani ya wiki moja kijiwe kilirudi. Ilipowashwa tena, mchango uliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, jina la kila mlango na kiasi alicholipa, naye mtunza fedha hakuwa yule mwenye mita. Taa haijazimika hadi leo. Zamu za kufagia ziandikwe kwa utaratibu huo huo, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchini, ifanywe siku ya kusafisha ngazi na mitaro.

Mazungumzo na kikao vikishindikana, andika barua kwa mwenye jengo, iwe Shirika la Nyumba, Wakala wa Majengo au taasisi inayomiliki kota. Soma kwanza mkataba wako, kwa kuwa mikataba mingi ya upangaji ina kifungu kinachokataza kuwabughudhi majirani, na mingi inakataza kupangisha tena kwa mtu mwingine. Mara nyingi anayesumbua si mpangaji aliyesajiliwa, bali ni mtu aliyepangishwa kinyemela. Ambatisha nakala ya daftari. Ikiwa jengo lina wamiliki wenye hati pacha, yaani hati ya kila mmoja kumiliki sehemu yake ya jengo, sheria ya mwaka 2008 inayosimamia hati hizo inawapa chama chao chenye kanuni zake, na malalamiko yapitie huko pia.

Nakala ya barua iende kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Hapa watu wengi wa Mwanza hukosea anwani, kwa sababu jiji hili lina halmashauri mbili: Kirumba, Pasiansi na Nyakato ziko Manispaa ya Ilemela, ilhali Mabatini, Igogo, Butimba na Mkuyuni ziko Halmashauri ya Jiji, wilayani Nyamagana. Balozi wa nyumba kumi anaweza kuwa msuluhishi mzuri, lakini tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992 yeye ni kiongozi wa chama, na barua yake si barua ya serikali. Baraza la Kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, kazi yake ya msingi ni kusuluhisha, kwa hiyo linafaa kwa majirani wanaoweza bado kukaa chumba kimoja. Ikiwa kelele zinatoka kwenye baa au ukumbi ulio jirani na kota, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo.

Kuna mambo ambayo hayaruhusiwi hata kama daftari limejaa. Usimkatie jirani maji wala umeme. Usimfungie mlango, mwenye mamlaka ya kumwondoa mpangaji ni mwenye jengo kwa kufuata sheria, na mgogoro ukifika huko husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sungusungu walizaliwa huku huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ulinzi shirikishi bado una kazi yake, lakini hauna ruhusa ya kumchapa mtu viboko wala kumtoza faini isiyo na stakabadhi. Yowe la “mwizi!” usilipige kwa kijana ambaye kosa lake ni kukaa ngazini, kwa sababu wanaoitika yowe hilo hawaulizi kwanza. Wala bibi anayeishi peke yake, anayelalamikiwa kwa paka wake na kwa kuongea usiku, asihusishwe na uchawi kikaoni. Atakayetamka neno hilo atolewe nje, na kikao kiandike kwenye muhtasari kwamba alitolewa.

Barua ikipokelewa, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Subiri siku 14, kisha andika ya pili ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, huku ukiendelea kuandika kwenye daftari, zikiwemo zile wiki ambazo jirani alitulia.